Tuliulizana Damu, Hatukutazama Miguu

Juma hili nakuomba uniwie radhi, maana mazungumzo yangu yataanzia sebuleni kwa dada yangu. Huko ndiko yaliponikuta, na tangu siku hiyo sijapata raha ya kuzungumza jambo jingine.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Magomeni. Tulikuwa watu wazima saba tumekaa kwenye kikao cha ukoo. Binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa ameposwa na kijana mmoja fundi umeme. Barua ilikwisha kujibiwa, pande zote mbili zilikwisha kuonana, na kilichobaki kilikuwa kutaja mahari. Ndipo mshenga aliporudi na swali ambalo halikuwamo kwenye barua. Alisema kwa adabu, lakini alisema: "Wazee wangu, wenzetu wamesikia kwamba binti anajichoma sindano za sukari. Wanauliza, ugonjwa huo ni wa damu? Na hao wajukuu watakaozaliwa, itakuwaje?"

Swali hilo lilitupasua vipande viwili papo hapo. Shangazi yake binti, yaani dada wa shemeji yangu, alisema wazi kwamba kwao hakuna sukari tangu babu na babu. Kama ni damu, basi ni ya upande wetu, kwa sababu marehemu mama yetu alikuwa na kisukari uzeeni. Dada yangu naye hakunyamaza. Alimkumbusha wifi yake habari za kaka yao aliyefariki ghafla Tanga bila kupimwa na mtu yeyote. Sauti zikapanda. Mimi, ambaye ni mjomba na niliyepaswa kutuliza mambo, nilichangia maneno yangu mawili matatu ambayo siyarudii hapa.

Katikati ya ugomvi huo binti aliingia na sinia la chai. Alikuwa pekupeku kwa kuheshimu mkeka. Akatuhudumia mmoja mmoja kwa magoti, akatoka, akarudi na maandazi, akatoka tena. Aliporudi mara ya tatu kuchukua vikombe, mtoto mdogo aliyekuwa amekaa mlangoni akasema: "Dada anatoka damu."

Tukatazama sakafu. Kutoka jikoni hadi kwenye mkeka, na kutoka kwenye mkeka kurudi jikoni, kulikuwa na alama nyekundu za mviringo, moja kwa kila hatua. Binti mwenyewe aligeuka nyuma kutazama ni nani anayesemwa. Tulipomketisha na kumwinua mguu, tulikuta kipande cha kioo chenye ukubwa wa punje ya muhindi kimezama kwenye unyayo. Kilikuwa kimetoka kwenye bilauri iliyovunjika jikoni tangu wakati wa kuchemsha maji ya chai. Alikuwa amekitembelea muda wote huo.

Akaniambia: "Mjomba, sikusikia kitu."

Mpenzi msikilizaji, watu wazima saba tulikuwa tukibishana juu ya damu ya binti, na damu yenyewe ilikuwa sakafuni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametazama miguu yake. Ameniruhusu nisimulie haya kwa sharti moja tu, kwamba nisimtaje jina.

Mimi si daktari. Nina stashahada ya uandishi wa habari na miaka mingi nyuma ya kipaza sauti. Lakini tangu siku hiyo nimesoma na nimeuliza, na leo nataka tuzungumze mambo mawili ambayo sisi tuliyachanganya: damu, yaani urithi, na mishipa ya fahamu, ile inayotupelekea habari za maumivu, joto na baridi kutoka viungoni hadi kwenye ubongo.

Tuanze na damu, kwa kuwa ndiyo iliyotugombanisha.

Kisukari kina aina zaidi ya moja. Ile aliyokuwa nayo mama yetu uzeeni, ambayo wengi wetu tunaijua, huitwa aina ya pili. Mwili unakuwa na insulini lakini hauitumii vizuri, na baadaye hata insulini yenyewe hupungua. Binti wa dada yangu alipatwa akiwa na miaka 11. Alikonda kwa majuma machache, akawa anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani na kukojoa usiku kucha, mpaka siku alipopoteza fahamu. Hiyo ni aina ya kwanza. Katika aina hii kongosho huacha kutengeneza insulini, mara nyingi kwa sababu askari wa mwili wanaopaswa kupigana na vijidudu hugeuka na kuziua chembe zinazoitengeneza. Bila sindano ya insulini mgonjwa huyu hawezi kuishi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kikao chetu hakikulijua ni hili: kisukari cha bibi na kisukari cha mjukuu yalikuwa magonjwa mawili yenye jina moja. Kumshitaki bibi kaburini halikuwa jambo la haki.

Je, aina ya kwanza hairithiwi? Hapo pana ukweli wa nusu. Zipo chembe za urithi, ambazo wataalamu huziita jeni, zinazomfanya mtu awe mwepesi kupatwa. Kundi lenye nguvu kuliko yote liko kwenye kromosomu ya 6, na ndilo linalobeba karibu nusu ya mchango wote wa urithi katika ugonjwa huu. Lakini kurithi wepesi wa kupatwa hakumaanishi kwamba umerithi ugonjwa wenyewe. Tazama pacha wanaofanana kabisa, ambao chembe zao za urithi ni zilezile. Mmoja akipata kisukari aina ya kwanza, katika tafiti nyingi chini ya nusu ya pacha wenzao walikuwa wameupata, ingawa idadi huongezeka kadiri miaka inavyopita. Ingekuwa damu peke yake ndiyo inayoamua, pacha wote wawili wangeugua.

Sasa sikiliza hesabu ambayo ingetupatanisha siku ile. Kwa takwimu za Marekani, mtoto wa kawaida ana nafasi ya kupata aina hii kiasi cha 1 katika 300. Mama akiwa nayo, na akajifungua kabla hajafikisha miaka 25, mtoto ana nafasi ya 1 katika 25. Akijifungua baada ya umri huo, nafasi hushuka hadi 1 katika 100. Na baba akiwa nayo, nafasi ni 1 katika 17. Naam, umesikia sawasawa: wenye kisukari hiki wakiwa akina baba, watoto wao hupatwa zaidi kuliko watoto wa akina mama. Lakini katika maisha yangu yote sijapata kusikia mshenga akitumwa kuuliza damu ya bwana harusi.

Hesabu hizo, hata hivyo, zilitokana zaidi na watu wenye asili ya Ulaya. Afrika mambo yanaonekana kuwa na sura nyingine. Mwaka 2025 watafiti walitangaza matokeo ya kuwapima vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza. Takriban theluthi mbili yao hawakuwa na zile dalili za damu zinazoonyesha kwamba askari wa mwili wameishambulia kongosho, na mzigo wao wa chembe za urithi za aina ya kwanza ulikuwa mdogo. Maana yake ni kwamba vijana wengi wa bara letu wamekosa insulini kwa njia ambayo sayansi bado inaitafuta. Basi kama wataalamu wenye maabara bado wanatafuta, sisi wa Magomeni na vikombe vyetu vya chai tulipata wapi uhakika wa kumwambia mtu "ni damu yenu"?

Hayo ni ya damu. Sasa tuje kwenye miguu.

Mshipa wa fahamu unaofika kwenye kidole gumba cha mguu huanzia mgongoni, kiunoni. Kwa mtu mzima ni safari ya kiasi cha mita moja, na uzi wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Uzi huo hulishwa na vijishipa vidogo mno vya damu. Sasa chembe nyingi za mwili huhitaji insulini iwafungulie mlango ndipo sukari iingie. Mshipa wa fahamu haungoji mlango kufunguliwa. Sukari ikijaa kwenye damu, inajaa pia ndani ya mshipa. Humo hugeuzwa kuwa vitu vingine vinavyouchosha na kuuchakaza, na wakati huohuo vile vijishipa vinavyoulisha huzibana. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mshipa unaanza kufa, na hufa kuanzia mwisho wake ulio mbali zaidi. Ndiyo maana ganzi huanza kwenye vidole vya miguu, ikapanda polepole kama mtu anayevaa soksi.

Wengine huanza na maumivu. Nyayo zinawaka moto usiku, vidole vinachomachoma kama vimejaa sindano, na shuka likigusa tu linaumiza. Wengine hawaumwi hata kidogo. Hupoteza hisia kimyakimya, na hawa ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu maumivu ni mlinzi. Mlinzi akilala, mwizi anaingia bila kelele: msumari, kioo, jiwe ndani ya kiatu, maji ya moto. Kidonda kinatokea, hakisikiki, kinaoza. Ndipo tunaposikia habari za kukatwa mguu. Mishipa mingine inayoweza kuharibika ni ile inayoendesha moyo, tumbo na kibofu bila sisi kuiamuru, mtu akawa anaona kizunguzungu kila akisimama, au chakula kikakaa tumboni bila kushuka.

Wengi wetu tunadhani haya ni mambo ya wazee. Sivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa hesabu ya vijana takriban 2,000 waliopatwa na kisukari kabla ya kufikisha miaka 20, na waliokuwa wameishi nacho kwa wastani wa karibu miaka 8. Katika kila vijana 100 wenye aina ya kwanza, 8 au 9 walikuwa tayari na dalili za mishipa ya fahamu kuharibika miguuni. Kwa wenye aina ya pili walikuwa karibu 18 katika kila 100. Hawa ni vijana ambao wengi wao bado wako shuleni au ndiyo kwanza wanaanza kazi.

Hapa lazima niungame. Miaka miwili kabla ya siku ile ya kioo, binti huyu alinieleza kwamba miguu yake inawaka moto usiku na hapati usingizi. Nilimwambiaje? Nilimwambia ni viatu vyake vya kubana, anunue vingine. Alinunua. Na mimi nikajiona nimetoa ushauri mzuri. Laiti siku hiyo ningempeleka kupimwa.

Sasa utauliza, kama ni sukari inayoharibu, mbona kuna wenye sukari mbaya miaka ishirini na miguu yao mizima, na wengine wanaharibikiwa mapema? Ni swali la haki, na hapo urithi unarudi tena mlangoni, safari hii kwa sura nyingine.

Ndani ya mishipa ya fahamu kuna kimeng'enya kinachogeuza sukari ya ziada kuwa kitu kinachoitwa sobitoli, na kazi hiyo huuchosha mshipa. Jeni inayoagiza kutengenezwa kwa kimeng'enya hicho haifanani kwa watu wote. Mwaka 2005 watafiti wa Sydney, Australia, waliowachunguza vijana wa rika la kubalehe wenye kisukari, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba tofauti za jeni hiyo zilihusiana na namna mishipa ilivyoharibika. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walionyesha tofauti adimu katika jeni nyingine, ile inayosimamia milango ya chumvi kwenye mishipa ya maumivu. Waliziona kwa baadhi ya wagonjwa wenye maumivu makali ya neva, na hawakuziona kwa wale ambao neva zao zimeharibika bila maumivu. Huenda hii ni sehemu ya jibu kwa nini mmoja anawaka moto na mwenzake anakufa ganzi tu.

Kwa hiyo urithi upo, wala sikatai. Lakini hebu nitoe mfano kutoka mjini kwetu. Chukua mabati mawili, moja jembamba na jingine nene, uyaezeke juu ya nyumba mbili zilizo ufukweni Kunduchi. Bati jembamba litashika kutu mapema, na lile nene litachelewa. Sasa hilo bati jembamba ungelipeleka Dodoma, mbali na upepo wa chumvi, lingekaa miaka mingi. Chembe za urithi ndizo unene wa bati. Sukari ndiyo chumvi ya bahari. Unene wa bati huwezi kuubadili baada ya kununua, lakini chumvi unaweza kuiweka mbali.

Ushahidi upo, na ni mkubwa. Kati ya mwaka 1983 na 1993, huko Marekani na Kanada, watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, wa umri wa kuanzia miaka 13 hadi 39, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida ya wakati ule, sindano moja au mbili kwa siku. Kundi la pili lilichoma insulini mara tatu au zaidi kwa siku, au kutumia pampu, huku likipima sukari mara kwa mara. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilikaa karibu asilimia 7 kwa kundi la pili, na karibu asilimia 9 kwa la kwanza. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1993, uharibifu wa mishipa ya fahamu ulikuwa umepungua kwa asilimia 60 katika kundi lililodhibiti sukari. Macho na figo navyo vilinufaika sana.

Asilimia 60, mpenzi msikilizaji! Na hakuna mtu aliyebadilishwa jeni hata moja. Waliingia na damu waliyozaliwa nayo, wakatoka na damu hiyohiyo. Kilichobadilika ni sukari. Tuseme pia kwamba kazi hiyo ilikuwa na gharama yake: waliodhibiti kwa ukali walipata mara tatu zaidi matukio mabaya ya sukari kushuka mno. Kwa hiyo asisikie mtu maneno yangu akajiongezea dozi nyumbani. Hili hufanywa pamoja na daktari.

Sasa nirudi kwa binti. Kesho yake asubuhi tulikwenda naye hospitali, mimi na mama yake. Daktari, mama mmoja wa makamo, alisafisha kidonda, kisha akatoa uzi mgumu wa nailoni mfano wa mshipi wa kuvulia samaki, unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Akamwambia afumbe macho aseme "ndiyo" kila akiguswa. Akagusa kidole gumba. Kimya. Akagusa kidole cha tatu. Kimya. Akagusa kwenye unyayo. Kimya. Dada yangu alishindwa kuvumilia, akatoka nje. Jibu la ndiyo la kwanza lilipatikana juu ya kifundo.

Kipimo cha wastani wa sukari kilipotoka kilikuwa asilimia 12. Daktari hakugomba. Aliuliza tu: "Mwanangu, sindano unachoma zote?"

Hapo ndipo niliposikia maneno yaliyonifanya niandike mazungumzo haya. Alisema kwamba tangu shule ya bweni alikuwa akiruka sindano ya mchana ili wenzake wasimwone. Alipopata mchumba akawa anaziacha nyumbani kabisa kila alipokwenda kusalimia ukweni, na mara nyingine alikaa huko kutwa nzima. Akasema: "Nilijua wakiona sindano watauliza habari za damu. Na nyumbani nako nilikuwa nasikia kila siku mkisema ni damu ya upande fulani. Nikaona heri ionekane kama sina."

Haya, tujiulize. Ni nini kilichoua mishipa ya miguu ya binti huyu? Sukari. Na sukari ilipandishwa na nini? Sindano zilizorukwa. Na sindano zilirukwa kwa sababu gani? Kwa aibu ya damu, aibu tuliyoipika sisi wenyewe nyumbani. Sijui jeni zake zikoje, huenda bati lake ni jembamba. Lakini aliyelibeba bati hilo na kulipeleka ufukweni ni ukoo wake, mjomba wake akiwa mmojawapo.

Basi tufanyeje? Nimemwomba daktari anipe mambo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafanya, nami nayaleta kama nilivyoyapokea.

La kwanza ni kupimwa miguu kila mwaka, hata kama hakuna maumivu. Mwenye aina ya kwanza aanze anapofikia umri wa kubalehe au miaka 10, akiwa ameishi na ugonjwa kwa miaka 5. Mwenye aina ya pili aanze siku ileile anapogundulika. Ukienda kliniki na daktari hajakuambia uvue viatu, vua mwenyewe.

La pili ni kipimo ambacho hakihitaji hata senti. Kilibuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa anafumba macho. Wewe unamgusa kwa ncha ya kidole chako cha shahada, taratibu, bila kukandamiza wala kukuna, kwa sekunde moja au mbili tu. Unagusa ncha ya kidole gumba cha mguu, kidole cha katikati na kidole cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Jumla ni mara sita. Akishindwa kusikia mara mbili au zaidi kati ya hizo sita, mpeleke hospitali. Hakichukui nafasi ya daktari, lakini kinaweza kumwamsha yule mlinzi aliyelala.

La tatu ni kutazama nyayo kila usiku, kwa kioo kidogo au kwa macho ya mwenzako. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Kutotembea pekupeku hata ndani ya nyumba, na nawaomba wazee wenzangu tusimhesabu kuwa hana adabu kijana mwenye kisukari anayeingia sebuleni na kandambili. Kutoota miguu kwenye jiko la mkaa wala kuiloweka kwenye maji ya moto, kwa maana ngozi itaiva na mwenyewe asijue. Na kuacha sigara.

La nne linawahusu wakubwa wenye madaraka. Insulini na vijiti vya kupimia ni ghali kwa familia nyingi. Mpango wa kimataifa wa kuwahudumia watoto wenye kisukari ulioanza mwaka 2009 uliingia na Tanzania, na watoto wengi wanaishi kwa ajili ya insulini ya mipango ya namna hiyo. Lakini mipango ya watoto ina ukomo wa umri, na kisukari hakina. Kijana anafikia ukomo huo wakati ambapo ugonjwa umekwisha kukaa miaka kumi na zaidi na mishipa imeanza kuchoka. Kumwacha hapo ni sawa na kumvusha mtu mto na kumwachia katikati ya maji.

Kidonda cha binti kilipona baada ya majuma saba. Hisia za vidole hazijarudi, na daktari ametuambia tusitegemee sana kwamba zitarudi, bali tutegemee kwamba uharibifu hautapanda zaidi ikiwa sukari itashuka. Ile asilimia 12 sasa imekuwa 8. Anachoma sindano zake zote, na anachomea mezani, mbele ya watu.

Mshenga tulimwita tukampa jibu. Tulimweleza ile hesabu ya 1 katika 25 na 1 katika 100. Tulimweleza pia kwamba linalohitaji kuangaliwa zaidi kabla ya mimba ni sukari ya mama iwe imetulia, kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto. Mwisho tukamwambia kwamba binti yetu atakwenda ukweni na sindano zake mkononi, na asiyependa kuziona aseme sasa. Shangazi yake binti ndiye aliyeyatamka hayo ya mwisho, na sauti yake haikutetemeka.

Wazee wa upande wa pili hawajataja siku. Lakini kijana mwenyewe alikuja Jumamosi iliyopita bila mshenga. Alikaa kwenye kigoda, akaomba afundishwe kile kipimo cha vidole sita, akakifanya. Binti alisema "ndiyo" mara moja. Kijana akamwuliza kama kandambili zake zinambana.

Mpenzi msikilizaji, kama nyumbani kwako yupo kijana mwenye kisukari, leo usiku usimwulize ameirithi kwa nani. Mwambie avue viatu, kisha utazame. Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tuonane juma lijalo. Kwaherini.